Nyumba ya Miaka Mitatu



Kuna maneno yaliyozoeleka sana katika miji yetu, nayo ni haya: kwamba mwenye kulipa kodi ya nyumba anatupa fedha yake, na kwamba kila mwezi anamjengea mwenzake ukuta. Utayasikia msibani, utayasikia ndani ya daladala, na utayasikia baada ya sala ya Ijumaa watu wanapotafuta viatu vyao mlangoni. Yamekaririwa hata yakawa kama hukumu isiyokatiwa rufaa. Mtu mzima aliyepanga huonekana kana kwamba kuna jambo halijakamilika katika utu wake, na hata anapokwenda kumposea mwanawe huulizwa kwa upole, "Na nyumbani kwenu hasa ni wapi?"

Sina haja ya kubishana na maneno hayo yote. Nyumba ni neema, na mwenye kuipata kwa njia ya halali amshukuru Mola wake. Ninalotaka kulizungumza nawe ni jambo dogo lililo ndani ya jambo hilo kubwa. Mtu anapopelekwa mahali kwa muda mfupi, tena muda unaojulikana mwisho wake, je, anunue nyumba huko? Na kama ananunua, anunue wapi na kwa nani? Swali hili lilinikalia shingoni kwa miezi mitano, nami nataka nikueleze jinsi tulivyolipima, maana najua wako wengi walio katika hali kama yetu: walimu, askari, waganga, wafanyabiashara wanaokwenda mji wa ugeni kwa miaka miwili mitatu, na vijana wetu walio Muscat na Dubai kwa mikataba.

Mimi ni mtumishi wa umma. Mwaka 2023, nikiwa nimebakiza miaka mitatu kufikia umri wa miaka 60 ambao sheria humtaka mtumishi apumzike, nilipata barua ya uhamisho kutoka Tanga kwenda makao makuu, Dodoma. Watoto wetu wakubwa wana maisha yao. Tulibaki wawili na binti wa mwisho aliyekuwa kidato cha pili. Katika miaka 28 ya ndoa yetu tulikuwa tumeishi katika nyumba saba, na zote ni za watu: Lindi, Tabora, Sumbawanga, Tabora tena, Korogwe, na mbili hapo Tanga mjini. Katika nyumba zote hizo mke wangu hakupata kupigilia msumari ukutani ila kwa kuomba ruhusa.

Alikuwa hajapata kulalamika. Lakini barua hii ilipofika aliisoma mara mbili, akaikunja, akasema, "Baba watoto, mimi nimechoka kuishi kwa ruhusa. Miaka mitatu ni michache, najua. Lakini hata siku tatu ningependa ziwe kwangu."

Msomaji, utakubaliana nami kwamba neno kama hilo halijibiwi kwa hesabu. Ila hesabu nazo zilikuwa lazima zifanywe, kwa sababu fedha zenyewe kwa sehemu kubwa zilikuwa zake. Mwaka uliotangulia, yeye na ndugu zake waliuza shamba la minazi waliloachiwa na marehemu baba yao huko Pangani, na fungu lake lilikuwa shilingi milioni 31. Mimi nilikuwa na akiba ya milioni 16. Jumla ni milioni 47.

Hapa nisimame kidogo, kwani wanaume wengi hupapita haraka. Katika sheria yetu ya Kiislamu mali ya mke ni mali yake. Kumlisha, kumvisha na kumpatia makazi ni juu ya mume, hata kama mke ni tajiri na mume ni mchukuzi wa mizigo sokoni. Kwa hiyo, akitoa mke fedha yake ikaingia katika nyumba, ama ametoa zawadi, ama amekopesha, ama amekuwa mshirika. Na yapasa ijulikane mapema ni kipi kati ya hivyo vitatu, tena kiandikwe. Nimehudhuria mirathi zaidi ya moja ambapo mjane alijua moyoni kuwa nusu ya nyumba ni jasho lake, lakini hati ilikuwa na jina moja tu, la marehemu, na yeye akapewa thumni yake kama mgeni. Watoto hawakumdhulumu kwa makusudi. Hawakuwa na karatasi ya kuwaambia vingine.

Basi tukaanza kwa kuuliza: kodi ni nini hasa? Katika vitabu vya fiqhi, ijara ni kuuza manfaa. Mwenye nyumba anakuuzia kukaa, nawe unanunua kukaa, kama vile unavyonunua safari kutoka kwa mwenye basi. Hakuna anayeshuka kituoni akasema nauli yake imepotea kwa sababu basi halikuwa lake. Umelala, umepika, umesali, watoto wamesoma chini ya taa, mvua haikukunyeshea: vitu hivyo ndivyo ulivyonunua, na umevipokea. Kuita malipo hayo kuwa ni fedha iliyotupwa ni kusema kwamba kuishi hakuna thamani.

Tena tazama mwenendo wa Mtume wetu (s.a.w.) alipohamia Madina mwaka 622. Kila ukoo ulitaka ashukie kwao, naye akaacha ngamia wake aende. Alipopiga magoti, Mtume hakukimbilia kujipatia makazi ya kudumu siku ile. Alikaa kwa Abu Ayyub al-Ansari kwa miezi kadhaa, hadi msikiti na vyumba vilivyokuwa pembeni yake vilipokuwa tayari. Alianza kwa kukaa chini ili wageni wake wapate kumfikia kwa wepesi, hali Abu Ayyub na mkewe wako juu na hawana raha kutembea juu ya kichwa cha Mtume. Siku moja mtungi ukawavunjikia huko juu, wakachukua blanketi lao pekee wakayafyonza maji nalo, wakichelea yasimdondokee. Mwishowe akakubali kuhamia juu. Kukaa kwa muda katika nyumba ya mwingine hakukumpunguzia heshima, wala Abu Ayyub hakupunguka. Na kiwanja cha msikiti, ambacho kilikuwa cha mayatima wawili, hakukikubali kwa bure ingawa kilitolewa kwa mapenzi. Alitaka walipwe thamani yake. Jambo hilo la mwisho liweke akilini, maana litatujia tena.

Ama Dodoma yenyewe, ni mji ambao habari ya kukaa kwa muda imo katika historia yake. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu huko ulipitishwa mwaka 1973, na mamlaka ya kuustawisha mji, iliyojulikana kwa herufi zake CDA, ikaundwa mwaka huo huo. Kisha miaka ikapita, na wengi wakabaki Dar es Salaam wakija Dodoma wakati wa Bunge na kuondoka. Mwaka 2016 Rais Magufuli akatangaza kuwa sasa serikali inahama kweli kweli, na wizara zikajengewa mji wao Mtumba, upande wa barabara iendayo Dar es Salaam. Mwaka 2017 akaivunja CDA na kazi zake zikapelekwa manispaa, ambayo mwaka 2018 ikawa jiji. Wenyeji wa siku nyingi watakueleza kuwa chini ya CDA mtu alipewa umiliki wa ardhi wa miaka 33, hali sehemu nyingine za nchi watu walikuwa wakipata 99. Hilo nalo likarekebishwa. Na hiyo 99 ndiyo kikomo. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ni ya umma, Rais ni mdhamini, na sisi tuna haki ya kuikalia kwa miaka iliyoandikwa. Mke wangu aliposomewa hayo na mwanasheria alicheka, akasema, "Kumbe hata hao wenye nyumba wamepanga!"

Nawajua watu waliokuja mwaka 2017 wakisema wanakaa miaka miwili, na hata leo wako pale pale, wamepanga, wakijutia viwanja walivyovikataa. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: huo ufupi wa muda wako una hakika gani? Kama ni mkataba unaoweza kuongezwa, au kazi ambayo mwisho wake haujaandikwa, wewe si mtu wa muda mfupi. Wewe ni mtu asiyejua muda wake, na hesabu yako ni nyingine. Sisi tarehe yetu ilikuwa imeandikwa. Umri haupewi nyongeza.

Sasa hesabu. Nyumba ya vyumba vitatu yenye hati miliki na maji ya bomba, tuliyoiona Kisasa, ilitajwa kwa milioni 68. Nyumba ya kiasi hicho kuipanga ilikuwa shilingi 300,000 kwa mwezi. Kwa miezi 36 ni milioni 10 na laki 8. Mtetezi wa kununua atasema, "Nunua, uokoe hizo milioni kumi, na ukiondoka uza." Maneno hayo ni ya kweli kama utauza kwa bei nzuri na kwa wakati unaotaka. Lakini kununua kuna gharama zake: ushuru wa stempu asilimia 1, mwanasheria, upekuzi wa hati, uhamisho, weka milioni 2. Na kuuza kuna dalali, ambaye kwetu alitaka asilimia 5, na kuna kodi ya asilimia 10 ya faida kwa mkaazi wa nchi, ingawa sheria ina nafuu kwa aliyeishi ndani ya nyumba yake. Tuseme una tarehe ya kurudi kwenu, na wanunuzi wanajua una tarehe, ukauza kwa milioni 62. Umepungukiwa milioni 6. Dalali amechukua milioni 3 na laki moja. Na zile 2 za mwanzo hazirudi. Jumla ni milioni 11 na laki moja, nayo imezidi kodi yote ya miaka mitatu. Kushuka bei huko kunatosha kuifuta faida yote, na sijahesabu paa, wala rangi, wala miezi ambayo nyumba inakaa tupu ikisubiri mteja huku wewe uko Tanga ukimlipa mlinzi.

Nyumba si mbuzi wa mnadani. Mwenye haraka ya kuuza hupangiwa bei na asiye na haraka ya kununua.

Wengine watasema, usiuze, ipangishe. Nalo ni shauri jema kwa mwenye jamaa pale pale. Lakini kutoka Tanga hadi Dodoma kwa basi, kupitia Chalinze na Morogoro, ni safari ya kutwa. Treni mpya ya umeme iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024 imewafaa sana watu wa Dar es Salaam na Morogoro, ila haiji kwetu. Mzee aliyestaafu hasafiri kutwa nzima kwenda kuangalia bomba lililopasuka. Na akifa je? Warithi walio Tanga, Mombasa na Muscat wataachiwa nyumba moja katika mji ambao hakuna hata mmoja wao anayeukaa.

Tulikuwa na milioni 47, na nyumba ya Kisasa ilihitaji 68. Pengo la milioni 21 benki za kawaida zilikuwa tayari kuliziba, kwa riba. Hilo hatukulijadili. Lakini nataka niseme neno juu ya benki za Kiislamu, kwani watu huzisifu au kuzilaumu bila kujua zinavyofanya kazi. Kenya ilizipata mwaka 2008, ikiwemo Gulf African Bank. Kwetu Amana Bank ilifunguliwa mwaka 2011. Katika murabaha, benki huinunua nyumba kwanza ikawa yake, kisha hukuuzia kwa bei ya juu iliyo wazi, nawe ukailipa kwa mafungu. Bei haipandi. Kwa mtu wa kukaa miaka 15, ni njia safi. Kwa mtu wa miaka mitatu ina uzito wake, kwa kuwa faida yote ya benki imekwisha kuingia katika bei tangu siku ya kwanza. Ukiuza mapema, deni ni bei yote iliyobaki. Benki ikikupunguzia kwa kulipa kabla ya wakati, hiyo ni hisani, na wanavyuoni wengi hawakubali punguzo hilo lishartiwe ndani ya mkataba, lisije likafanana na riba iliyogeuzwa uso. Inayomfaa zaidi mtu wa muda mfupi ni musharaka ya kupungua: wewe na benki mnaimiliki pamoja, unalipia kodi fungu la benki na kulinunua kidogo kidogo, na mkiachana njiani kila mmoja anajua sehemu yake. Nawe uulize kwa kinywa chako ni mkataba upi unapewa, wala usitosheke na neno "halali" lililobandikwa mlangoni.

Kuna jambo jingine ambalo sikulitarajia, nalo lilizuka nilipozungumza na sheikh mmoja wa mtaani kwetu. Aliniuliza, "Unainunua kwa nia ya kukaa au kwa nia ya kuuza?" Nikamwambia vyote viwili. Akatabasamu. Nyumba ya kukaa haina zaka, hata iwe kasri. Nyumba iliyonunuliwa iwe bidhaa ya kuuzwa ina zaka ya biashara kila mwaka, asilimia 2 na nusu ya thamani yake ya siku ile. Kwa milioni 68 ni milioni 1 na laki 7. Mwenye nia mbili hutazamwa ipi iliyo kuu. Naye akasema kuwa yangu, kwa nionavyo mwenyewe, ni ya kukaa, hivyo haina zaka. Kisha akaongeza, "Lakini siku ile utakapokuwa unamhesabia mkeo faida kwenye karatasi, jisikilize vizuri ni nia ipi inayosema." Nilikuja kukumbuka kuwa karatasi ile nilikuwa nimeijaza pande zote mbili.

Tukazunguka mji. Dodoma ni kukavu. Mvua zake ni za Disemba hadi Aprili, kisha upepo na vumbi. Maji ya mji kwa miaka mingi yametegemea visima vya Mzakwe, na mitaa mingi huyapata kwa zamu. Kwa hiyo ukienda kutazama nyumba usiridhike kufungua bomba siku moja, bali muulize jirani siku za zamu na utazame ukubwa wa tanki. Waarabu husema jirani kabla ya nyumba. Mimi naongeza kuwa jirani ndiye atakayekupa habari za nyumba ambazo dalali hana. Tuliiona moja Ihumwa, njia ya kwenda Mtumba, ya bei nafuu sana na karibu na kazi yangu, lakini kiwanja hakikupimwa, na karatasi pekee ilikuwa makubaliano yaliyogongwa muhuri wa mtaa. Hiyo tuliipita upesi. Mtu wa muda mfupi hana miaka ya kungoja upimaji wala ya kukaa mabarazani kwenye kesi.

Kisha tukaipata ya Nkuhungu.

Nikikusifia sana utadhani nami ninaiuza. Ilikuwa nyumba ya zamani kidogo, yenye ukumbi mpana na uani uliofungwa, mti wa mkungu katikati, na baraza ya saruji iliyolaika kwa kukaliwa. Adhana ilisikika pale. Mke wangu aliingia jikoni akakaa humo muda mrefu kuliko kawaida. Na bei ilikuwa milioni 52. Shemeji yangu alikuwa ameahidi kutukopesha milioni 5 bila ziada yoyote. Gharama za uhamisho ningezipata kwenye mshahara. Yaani hii ndiyo nyumba pekee ambayo tungeweza kuinunua bila ya benki na bila ya dhambi. Hata hesabu yangu ya hasara ikalegea, kwani nyumba iliyonunuliwa chini ya bei ya soko haiwezi kumtupa mtu mbali.

Aliyekuwa akiuza ni kijana wa miaka kama 30. Baba yao alifariki miaka miwili nyuma, akaacha mjane, wana wawili wa kiume na binti mmoja. Hati ilikuwa bado na jina la marehemu. Kijana alisema wamekubaliana wote, mama ameridhika, mdogo wake ameridhika, na yeye ana haja ya fedha kwa ajili ya biashara. Wakati akizungumza, binti yule, kama miaka 15, alikuwa akifua sare zake za shule karibu na ule mti. Mke wangu akauliza, "Na huyu binti, yeye anasemaje?"

Kijana akajibu kwa adabu, "Huyo bado mtoto, mama. Hana neno."

Tulirudi kwa bajaji tukiwa kimya. Nyumbani nilichukua ile karatasi yangu na kufanya hesabu nyingine. Milioni 52: mjane ana thumni, milioni 6 na laki 5. Iliyobaki, milioni 45 na laki 5, inagawanywa mafungu matano, kila mwana wa kiume mawili na binti moja. Fungu la binti ni milioni 9 na laki 1. Hakuna msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, hakuna aliyekabidhiwa haki ya yatima yule. Kwa sheria ya nchi, kijana hakuwa na uwezo wa kuuza. Nikamwambia mke wangu kwamba jambo hili linaweza kurekebishwa: waende Mahakama ya Mwanzo, wateue msimamizi, fungu la binti litengwe, kisha sisi tununue. Naye aliona vivyo hivyo, na kesho yake nikamwendea kijana nikamweleza.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kuwa yuko mtu mwingine asiyetaka mlolongo wa mahakama, na kwamba bei ile ni ya mwenye haraka. Wakianza mambo ya msimamizi nyumba itauzwa milioni 65 kama nyingine zote. Nilimwomba mara ya pili, na nikaomba nimwone mama yake. Hakupenda.

Usiku ule mimi ndiye niliyeyumba, msomaji, wala sioni haya kusema. Nilimwambia mke wangu kuwa mwenye kuuza ndiye mwenye dhima, na kwamba sisi tungelipa bei yote, hakuna senti tuliyoiba. Yeye ndiye aliyeitaka nyumba ile kuliko mimi. Ndiye aliyekuwa amekwisha kupanga mahali pa kabati. Akanijibu, "Ile nafuu ya milioni 13 imetoka wapi? Inatoka kwa wale ambao hawakuulizwa. Mimi fedha hii niliipata kwa kuwa kaka zangu walinihesabia fungu langu la shamba mpaka senti ya mwisho. Nitaitiaje katika nyumba ya msichana ambaye hakuhesabiwa?"

Hatukuizungumza tena nyumba ile.

Tulipanga Ipagala, nyumba ndogo yenye uzio na tanki, hatua chache kutoka msikitini. Mwenye nyumba ni bibi mmoja mstaafu. Tulikubaliana kulipa miezi sita sita, tukaandika kuwa barua yangu ya kustaafu itakuwa sababu tosha ya kuvunja mkataba kwa ilani ya mwezi mmoja, na mke wangu akataka liandikwe jambo moja la ziada: kwamba mpangaji ana ruhusa ya kupigilia misumari atakavyo, mradi azibe matundu siku ya kuondoka. Bibi alicheka akatia sahihi.

Zile milioni 31 hazikuletwa Dodoma. Mke wangu alinunua kiwanja kilichopimwa huko Pongwe, nje kidogo ya Tanga, kwa jina lake peke yake, akaanza kujenga kwa awamu akisimamiwa na mdogo wake. Akiba yangu ya milioni 16 iliingia katika paa na madirisha. Niliiandika kuwa ni hiba kwake, mbele ya mashahidi wawili, na watoto wote wakajulishwa, hata yule wa Muscat, ili pasiwe na mwenye kuuliza kesho. Kodi ya Ipagala inatoka katika mshahara wangu, kwani makazi yake ni juu yangu. Alipanga ramani mwenyewe: ukumbi mpana, uani uliofungwa, na nafasi ya mti mmoja katikati.

Nyumba ya Nkuhungu iliuzwa kabla ya mwezi kwisha. Baada ya mwaka hivi, mke wangu alikutana na yule binti katika soko la Majengo, akiwa na sare zake za shule, akinunua nyanya. Binti akamkumbuka, akamwamkia, "Shikamoo mama." Akaulizwa habari za nyumbani, akasema wamehamia Chamwino kwa bibi yao, na kwamba kila asubuhi huondoka alfajiri ili awahi shule. Mke wangu akamlipia nauli ya siku ile, na akamwonyesha njia ya kufika kwetu Ipagala, kama siku yoyote atachelewa gari la kurudi.